Pengo Moja kwenye Kadi ya Mama Yohana

Ndola, Jumapili, saa nne asubuhi.

Baridi ya Julai imekaa. Jua limetoka, lakini ni la kutazama tu, halina joto. Mke wangu, Bwalya, ameanika mablanketi uani, nami nimehamia jikoni karibu na jiko la mkaa, nimevaa soksi juu ya soksi. Mwaka wa arobaini na kitu huu naishi Zambia, na miguu yangu bado inadai hali ya hewa ya Kisarawe.

Nina ujumbe ambao sijaujibu tangu Alhamisi. Kesho saa sita mchana aliyeuandika anafunga orodha yake. Kwa hiyo ni leo. Naandika hapa kwanza ili mkono uzoee kusema kweli, kisha nitamwandikia yeye.

Anaitwa Neema. Sijawahi kumwona. Ni binti wa kazi ya data katika mradi mmoja wa mihogo huko Pwani, na namba yangu aliipata kwa dada yangu anayeishi Sofu, Kibaha, ambaye humpa mtu yeyote namba yangu ilimradi aamkie vizuri. Katika stoo moja wamekuta sanduku la bati, na ndani yake kadi zetu. Kadi zetu, ewe shajara. Nilidhani mchwa walizimaliza zamani.

Neema anajenga kanzidata. Anachukua kadi hizo za miaka ya sabini, madaftari ya mashamba ya miaka iliyofuata, na vipimo vya vinasaba vya juzi, anaviingiza vyote katika kompyuta ili kila aina ya muhogo iwe na mahali pamoja pa kusimama. Kazi ngumu si kuingiza. Kazi ngumu ni kujua kwamba huyu wa kwenye kadi, na yule wa kwenye daftari, na yule wa kwenye kipimo, ni mmoja, au ni watatu.

Ujumbe wake nimeusoma mpaka naujua kwa moyo:

"Shikamoo babu. Samahani kwa usumbufu. Nina kadi mbili zinagombana, moja inaitwa Kondo, nyingine Mgeni. Zinalingana kila kitu isipokuwa ladha. Kondo ni mchungu, Mgeni ni mtamu. Kondo hatunao tena shambani, Mgeni upo, tunataka tuugawe Maneromango wiki ijayo kwa familia zenye watoto, wa kuchemsha. Kadi ya Mgeni ina herufi za jina lako. Babu, hii ni mihogo miwili au ni mmoja? Na nyuma kuna neno la penseli, naona kama 'mkwe'. Ni jina la tatu?"

Ni mmoja.

Ni mmoja, na ni mchungu, na pengo linalosema ni mtamu nililikata mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu bila kuiandika. Sasa imeandikwa. Mkaa bado unawaka, na Bwalya bado anapigapiga mablanketi kama aliyemkosea ni blanketi.

Nieleze vizuri, maana watakaosoma ukurasa huu siku moja, wengi hawajawahi kuona kadi za namna ile. Ilikuwa mwaka wa pili hivi baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika kituo kidogo cha mazao Kibaha, ambacho siku hizi hakipo. Watu walipohama walibeba vipando vya mihogo yao mabegani, wakavipanda karibu na vya majirani wapya, na katika misimu miwili mashamba yakawa mchanganyiko ambao hakuna mtu mmoja aliyeweza kuueleza. Sisi tulitumwa kuuandika.

Kila aina ya muhogo ilipata kadi yake moja, ngumu, ya ukubwa wa kiganja. Pembeni mwote mlikuwa na matundu. Kila tundu lilikuwa na maana yake: vikonyo vyekundu, shina la kijivu, unakomaa kabla ya mwaka, unavumilia batobato, ule ugonjwa wa majani, mtamu. Kama muhogo ulikuwa na sifa hiyo, tulikata ukingo wa kadi kwa koleo ya kutobolea tiketi, tundu likawa pengo. Kama haukuwa nayo, tundu lilibaki zima.

Kisha tulikusanya kadi zote pamoja kama karata, tukapitisha sindano ya kufumia sweta katika tundu moja, tukainua na kutikisa. Zenye pengo zilianguka mezani. Zisizo nalo zilibaki zimening'inia. Ukitaka muhogo mtamu unaovumilia batobato, unapitisha sindano mara mbili. Kilichoanguka mara zote mbili ndicho jibu lako. Hatukuwa na umeme wa uhakika, lakini swali likiulizwa vizuri lilijibiwa kabla chai haijapoa.

Nilizipenda kadi zile kupita kiasi. Naona aibu kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo. Nyumbani kwetu, upande wa Ruvu, tulikuwa tumeacha nyumba na minazi na kaburi la baba, tukaenda kukaa katika mstari wa nyumba zilizofanana. Mama alikuwa akiamka asubuhi na kuuliza mlango uko upande gani. Kadi zilikuwa kitu pekee katika maisha yangu ambacho ukikiweka mahali unakikuta.

Mkuu wa kituo alikuwa Bwana Lameck, mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Kadi ikikatwa kimakosa unaweza kuiziba: unabandika karatasi nyuma ya pengo, unatoboa tundu upya, unatia herufi zako. Lakini kila Jumamosi kabla ya kufunga ofisi, aliyeziba kadi alisimama mbele ya wenzake wote, hata mfagizi na dereva, akasema kwa sauti: nimeziba kadi fulani, tundu fulani, kwa sababu hii. Kisha akakaa. Hakuna aliyecheka wala kukemea. Bwana Lameck alisema, "Kosa lililosimama hadharani halizai."

Wenzangu walisimama. Dereva, ambaye hakuwa na kadi hata moja, aliwahi kusimama akasema ameziba pancha, na akaandikwa kwenye daftari.

Mimi sikuwahi kusimama. Majuma yalipita, miezi ikapita, nikawa naitwa "Bwana Safi". Mwanzoni ilikuwa kejeli, halafu ikawa cheo. Nilikipenda cheo hicho.

Ndipo nikatumwa Maneromango.

Barabara ilikuwa ya masika. Lori letu lilikwama mara mbili, nikafika na tope mpaka kwenye shati. Nililala kwa mwinjilisti, na asubuhi nikaanza nyumba kwa nyumba na fomu zangu. Kwa wazee wa kiume sikuhitaji kupita. Bwana Lameck mwenyewe alikuwa ameketi nao mwaka uliotangulia katika ofisi ya kijiji, na ndiko kadi ya Kondo ilikotoka. Muhogo huo ulipewa jina la mzee aliyeuleta kutoka Rufiji zamani, kabla sijazaliwa. Wazee walisema ni mchungu, wenye sumu usipolowekwa, na Bwana Lameck aliacha tundu la ladha likiwa zima.

Nyumba ya nne au ya tano ilikuwa ya Mama Yohana. Mjane, umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani kama wanawake wengi wa kwaya. Alikuwa amesoma misheni, na alisoma fomu yangu ikiwa kichwa chini miguu juu huku mimi nimeishika.

Pembeni ya nyumba palikuwa na muhogo mzuri kuliko yote niliyoona safari ile. Shina la kijivu kama fedha iliyochakaa, vikonyo vyekundu, jani halina hata doa la batobato wakati shamba la pili lilikuwa limejikunja lote. Nikamwuliza jina.

"Huo? Tunauita Mgeni."

Nikaandika. Utaratibu wetu ulikuwa kumsomea mkulima majina yote tuliyokwisha kuyapata, aseme anayoyajua. Nikasoma. Kila jina alikuwa na neno lake: huo tuliuacha kule tulikotoka, huo wanaula nguruwe zaidi ya watu, huo mzuri kwa kisamvu. Nilipotamka Kondo, akageuka. Akajifunga upya kanga. Akatazama kuku.

Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Jirani aliyekuwa anatwanga hapo uani akaacha mchi.

"We kijana, kwenu hamna wakwe? Huyo ni baba mkwe wake. Jina lake hatalitia mdomoni, na mti wake hatausema vibaya. Hata umpige."

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Hukujua," akajibu Mama Yohana, na akatabasamu kwa upande mmoja. "Ila kwa sauti ile, hata yeye kaburini kaitika."

Jirani akacheka mpaka akakaa chini.

Nikageuza fomu, nikaandika nyuma kwa penseli: mkwe. Nilielewa papo hapo. Kondo na Mgeni ni muhogo mmoja. Wanaume wanauita kwa jina la mwenyewe, wake walioolewa katika ukoo ule wanauita kwa jina la heshima. Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Nilijiona nikimweleza Bwana Lameck kwamba tunahitaji tundu jipya kwenye kadi zote, tundu la "una jina la ukweni", ili kadi mbili za muhogo mmoja zijuane.

Kilichobaki ilikuwa ladha. Fomu ilidai tuonje mbichi. Mama Yohana alichimba mwenyewe, akamenya, akakata kipande kidogo kwenye ncha, akanipa. Kisha akafanya jambo ambalo nimeliwaza miaka yote hii. Aliweka kisu chini, akakunja mikono, akanitazama usoni.

"Mgeni ni wewe. Onja wewe, useme wewe."

Nikatafuna. Uchungu ulipanda mpaka masikioni. Nikautema pembeni kwa adabu, kama tulivyofundishwa.

"Ukoje, mwanangu?"

Shajara, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake. Nilikuwa nimekunywa uji wake. Nilikuwa nimekwisha kulipigia kelele jina la mkwe wake uani kwake. Mama yangu alinilea hivi: ukikaribishwa, chakula cha watu hakina kasoro.

"Mtamu, mama."

Akaokota kisu chake. Jirani naye akarudi kwenye mchi.

"Haya," akasema Mama Yohana. "Kama ni mtamu, andika mtamu."

Nikaandika, mbele yake, maana alikuwa anajua kusoma.

Nilipoondoka alinifungia zawadi katika kipande cha kanga. Nilitarajia mihogo. Ulikuwa unga. "Mpelekee mama yako," akasema. "Mizizi acha, itakulemea." Nami nilikuwa na lori.

Mama yangu alichukua unga ule kwa ncha za vidole, akanusa, akasema umetoka kwa mwanamke mwenye subira. Muhogo mchungu huu, akasema, umelowekwa siku zake zote, umeanikwa makopa, umetwangwa, haukuharakishwa hata mara moja. Alipika bada, ugali wa muhogo, tukala, na lilikuwa tamu kweli.

Nilikuwa najua tangu nilipoonja. Baada ya hapo nikajua kwamba na yeye alijua, na kwamba alinipa unga ili mizizi isije ikafika mikononi mwa mtu asiyeijua.

Kibaha nilinakili fomu kwenye kadi, hata lile neno la penseli nyuma yake, kisha nikakaa na koleo mkononi. Kukata tundu la "mtamu" kungekuwa uongo. Kutolikata kungeonyesha kwamba kadi haifanani na fomu, na Bwana Lameck alilinganisha kadi na fomu kila jioni. Ningelazimika kusema. Si kusema tu: kusimama Jumamosi. Bwana Safi angesimama kati ya mfagizi na dereva aseme kwamba alionja uchungu akaandika utamu kwa sababu ya aibu.

Nikakata.

Nafasi ya pili nilipewa wiki chache baadaye. Bwana Lameck alikuwa akipitisha sindano akitafuta mihogo ya kuvumilia batobato. Kondo na Mgeni zikaanguka pamoja. Akapitisha katika vikonyo, zikaanguka pamoja. Shina, pamoja. Akafika kwenye ladha: Mgeni ikaanguka, Kondo ikabaki inaning'inia peke yake.

Akaziokota zote mbili, akaziweka kwenye kiganja. "Hawa ni ndugu, au ni mtu mmoja?"

"Ndugu, Bwana Lameck."

Na lile tundu la jina la ukweni sikulitaja kamwe. Nisingeweza kulitaja bila kukiri kwamba Mgeni ni Kondo. Kwa hiyo wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata katika kazi ile lilibaki neno moja la penseli nyuma ya kadi.

Miaka mitatu baadaye nilipanda treni kuja huku. Barua ya Bwana Lameck ndiyo iliyonipatia kazi Ndola. Iliandikwa: karani asiyekosea. Niliitunza kwenye fremu mpaka Bwalya akaitoa siku moja akaweka picha ya harusi ya binti yetu, na sikulalamika.

Saa saba mchana sasa. Niliacha kuandika kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Nimemweleza Bwalya mezani. Yeye ni mtu wa Luapula, muhogo kwao ni kama hewa. Alisikiliza huku akimega nshima, ugali wa huku, hakunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Kisha akasema, "Huyo mama alikuwa anakuomba."

Nikauliza ananiomba nini.

"Umwambie ni mchungu. Yeye hawezi kusema, mti ni wa mkwe. Kapata mgeni, ana kalamu, katumwa na serikali. Kamwekea kisu chini, kamwambia sema wewe. Na wewe ukamwonea haya." Akanawa. "Wanaume mna adabu sana mahali pasipotakiwa."

Miaka yote hii nimejihesabia kosa la kudanganya. Sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nimetumwa na nikakataa kutumika. Nilidhani namheshimu. Yeye alikuwa amejifunga kwa heshima, na alikuwa ananyoosha mkono nimfungue.

"Jina lake nani?" Bwalya akauliza.

"Mama Yohana."

"Hilo jina la mtoto. Lake."

Nimerudi kwenye simu, nikaikuza picha ya kadi aliyotuma Neema. Mwandiko wangu wa ujana, umenyooka kama mistari ya reli. Pale penye "Mkulima" nimeandika: Yohana. Utaratibu wetu ulikuwa kuandika mkuu wa kaya, na mjane hakuhesabiwa mkuu akiwa na mwana mkubwa. Yohana wakati huo alikuwa kibarua bandarini, Dar es Salaam. Hakuwahi kuiona fomu ile, na sidhani kama alijua mama yake ana muhogo wa aina gani pembeni ya nyumba.

Saa tisa. Nimetuma.

Naunakili hapa, nisije nikajipunguzia baadaye:

"Marahaba mjukuu wangu. Kondo na Mgeni ni muhogo mmoja. Ni mchungu. Pengo la ladha kwenye kadi ya Mgeni ni langu, nililikata nikijua si kweli, kwa kuwa nilimwonea haya mama aliyenikaribisha na baadaye nikajionea haya mwenyewe. Usigawe wa kuchemsha. Wape wanaojua kuloweka, na uwape kwa moyo, maana kwa batobato sijaona mfano wake. Kama kuna namna ya kuupima kabla, upime, usiniamini mimi peke yangu. Neno la nyuma si jina la tatu. Ni sababu ya majina mawili. Unapoziunganisha kadi, nakuomba usilifute Mgeni ukabakiza Kondo. Mwanamke wa ukoo ule akija kuuliza muhogo wake hataweza kukutajia Kondo. Atakuambia Mgeni, na kompyuta yako isipomjua huyo Mgeni, atarudi nyumbani mikono mitupu."

Nikaweka simu kifudifudi mezani, kama mtoto aliyeangusha kikombe.

Jibu lilikuja kabla ya nusu saa.

"Asante sana babu. Nimeutoa kwenye orodha ya kuchemsha sasa hivi. Siku hizi haturuhusiwi kuonja, tunapeleka maabara, na kipimo cha sumu cha aina hii kilipangwa msimu ujao kwa sababu kadi ilisema mtamu. Kwa hiyo ulivyosema imesaidia kweli. Majina yote mawili nayaacha, naongeza na sehemu ya jina la ukweni kwa mihogo yote, nahisi tuna mingi ya hivyo tumeihesabu mara mbili. Babu usijisikie vibaya. Kwenye kanzidata kila sahihisho lina mstari wake: nani, lini, kwa nini. Halifichwi."

Nani, lini, kwa nini. Bwana Lameck angefurahi.

Kumbe lile tundu limetobolewa. Limechelewa tu.

Nilimwita Bwalya kutoka uani. Akaja na blanketi begani, akidhani nimeungua. Nikamwomba akae. Nikasimama hapo jikoni, na soksi zangu, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ambacho Bwalya anakielewa anapotaka: nimeziba kadi ya Mgeni, tundu la ladha, kwa sababu nilionja uchungu nikaandika utamu.

Kisha nikakaa.

Hakucheka. Alisema, "Haya, Bwana Safi," akaenda kukunja mablanketi yake.

Ni alasiri sana sasa, na baridi inarudi. Neema ametuma ujumbe mwingine mfupi, na huu ndio unaonifanya nisifunge ukurasa. Anasema katika fomu yake mpya kuna nafasi mbili: aliyesahihisha, na aliyetoa taarifa. Ya kwanza ameniandika mimi. Ya pili inamwonyesha Yohana, na kwa nilivyomweleza haoni kama ni sawa. Ananiuliza aandike nani.

Nimeandika Mama Yohana, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta.

Yeye hakulitaja jina la mkwe wake kwa sababu ya heshima, na kila mtu kijijini alijua jina hilo ni lipi. La kwake hatukulitaja hata mmoja wetu, na hiyo haikuwa heshima. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikala unga wake, nikamwuliza majina ya mihogo yote ya Maneromango. Lake sikuuliza.

Nimemwambia Neema aache nafasi wazi, asiifute. Kisha nimempigia dada yangu Sofu. Amelalamika kuhusu barabara, kuhusu magoti yake, na kuhusu ndugu wanaokumbuka watu nusu karne baadaye. Halafu amesema Jumamosi ataenda Maneromango. Atauliza kanisani kama vitabu vya ubatizo vya zamani vipo. Nimemwambia asianze na wazee wa kiume. Aulize wanawake wanaoloweka mihogo, na akifika, kabla ya kutaja muhogo wowote, awaulize kwanza wao wenyewe wanaitwa nani.